Wapiga magitaa, kagueni tundu kabla ya namba za boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wapiga magitaa wa Nyanda za Juu Kusini, na zaidi na kamati za kwaya, maana mara nyingi wao ndio wanaotoa hela ya vifaa. Habari yangu ni ununuzi wa saundikadi, yaani kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta.

Mvua za huku huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, na kule Tukuyu hata Mei haiachi. Nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zimeezekwa bati. Mvua ikishapiga bati, hakuna maikrofoni itakayorekodi gitaa sebuleni. Ndiyo sababu wengi sasa wanataka kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye kompyuta. Hapo mvua inyeshe, jogoo awike, bodaboda ipige resi, kinachoingia ni nyuzi peke yake. Wazo ni zuri kabisa. Linaharibikia dukani.

Ukiulizia saundikadi, vitu viwili huwekwa mezani haraka. Cha kwanza ni kidude cha USB mfano wa flashi, chenye tundu la hedfoni na tundu la maiki. Cha pili ni ile kadi ya kurushia matangazo kwa simu, yenye vitufe vya makofi na vicheko. Kila kimoja kina kazi yake, na kazi hiyo si gitaa. Muuzaji atakupa na adapta ya kugeuza jeki kubwa ya milimita 6.35 iwe ndogo ya 3.5, gitaa litaingia, sauti itatoka, utalipa. Lakini adapta inabadilisha umbo la plagi tu. Umeme unaopita ni uleule, na shida iko kwenye umeme.

Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Ukiipima kwa mita ya fundi umeme utasoma kati ya ohmu 6,000 na 15,000 hivi. Inazalisha umeme kidogo sana, na haina nguvu ya kusukuma. Ni kama chemchemi ya mlimani: ukichota kwa kikombe inajaa muda wote, ukiifungulia bomba la inchi nne inakauka. Bomba la inchi nne ndilo tundu la maiki la kompyuta, lenye ukinzani wa ohmu elfu chache tu, ambalo lenyewe tena linatoa volti kidogo za kulishia maiki. Tundu la laini, lile la kupokea sauti iliyokwisha kuimarishwa, lina afadhali, kama ohmu 10,000, bado ni dogo mno. Gitaa linataka tundu la ohmu milioni 1.

Tuweke hesabu mezani. Chukua pikapu ya kawaida ya koili moja, ichomeke kwenye tundu la ohmu 10,000. Nguvu inashuka karibu nusu, na kila kilicho juu ya hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde) kinaanza kuporomoka. Sasa fikiria upigaji wetu. Gitaa la solo, la dansi au la kwaya, hupigwa safi bila kukwaruza, tena juu kabisa kwenye shingo. Uzi wa kwanza ukiubana freti ya 12 unatoa hezi 659. Sauti ndogondogo zinazoambatana nao, ambazo ndizo zinazolitia gitaa mng'aro, ziko kwenye hezi 1,318, 1,978, 2,637 na kuendelea. Zote ziko upande unaokatwa. Matokeo yake solo inasikika kama mtu anayeimba amejifunika shuka gubigubi. Halafu fundi anaambiwa aongeze trebo. Akiongeza, anachopandisha ni mchakacho wa kelele, kwa sababu trebo yenyewe haikuingia tangu mwanzo.

Wenye galatoni, yaani gitaa kavu lenye tumbo la mbao, lenye kidude cha pieso (kinachonasa mtetemo wa mbao) kilichobandikwa ndani wanapata kinyume chake. Pieso ikikutana na tundu dogo inapoteza besi, na gitaa linalia kama kopo. Kama galatoni lako lina betri ya volti 9 na vitufe vya kurekebisha sauti ubavuni, una bahati: ile mashine ndogo ya ndani tayari imeshaupa umeme nguvu, na tundu la laini linaweza kulipokea bila madhara makubwa. Angalia tu betri isiwe imechoka, maana ikichoka sauti inapasuka na kadi inasingiziwa.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe hili: tundu la gitaa liko wapi? Kwenye kadi za kweli limeandikwa INST, au Hi-Z, au limechorwa gitaa. Lisipokuwepo, hata kama kadi ina taa za rangi saba, rudisha mezani.

Kadi za bei nafuu zenye tundu hilo zipo, na hazihitaji utajiri. Behringer UM2 na UMC22 kwa miaka mingi zimekuwa zikiuzwa ng'ambo chini ya dola 100. Zote mbili zina tundu moja la maiki na tundu moja la gitaa, na zinarekodi kwa biti 16 mpaka sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Tofauti inayomgusa mtu wa nyumbani iko nyuma. UM2 inatolea sauti kwenye matundu ya RCA, yale mekundu na meupe, ambayo ndiyo yaliyoko nyuma ya sabufa nyingi za nyumbani kwetu. UMC22 inatoa kwa jeki kubwa, inayofaa spika za studio. Ukipanda ngazi kuna UMC202HD, yenye matundu mawili ambayo kila moja linapokea maiki au gitaa, na inayorekodi kwa biti 24. Focusrite Scarlett Solo iko juu yake kwa bei, zaidi ya dola 100 huko inakotoka, kabla ya nauli na faida ya muuzaji. Kwa mtu anayerekodi gitaa moja moja, UMC22 inamtosha. Kwa kwaya ningesema wajikaze wafike UMC202HD, na sababu kubwa si idadi ya biti. Nitaieleza mbele.

Kuna jambo dogo linaloniudhi kwenye maboksi haya: namba 192. Kadi inayoandikwa 192 kHz, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde, inauzwa kama gari la mwendo kasi. Sikio la binadamu haliendi zaidi ya hezi 20,000 hivi, na spika ya gitaa ya inchi 12 inaanza kuishiwa ikipita hezi 5,000. Sampuli 44,100 au 48,000 zinatosha na kubaki. Ukirekodi kwa 192,000 unachokipata ni faili kubwa mara nne. Kwa biti 24 na sampuli 48,000, traki moja ya gitaa inakula MB 8.6 kwa dakika. Kwa 192,000 inakula karibu MB 35. Wimbo wa dakika 4 wenye traki kumi utajaza zaidi ya GB 1.3, na kompyuta nyingi za mitumba hazina nafasi ya mzaha huo. Kuhusu biti, 24 ni nzuri kwa kuwa inakuruhusu kurekodi kwa sauti ya chini bila hofu. Ila 16 haijawahi kuharibu rekodi ya gitaa. Mvumo wa pikapu ya koili moja ni mkubwa kuliko kelele ya biti 16.

Hiyo hela ya 192 afadhali inunue nyuzi mpya na waya mzuri wa mita 3 au 5. Waya wa mita 10 unakula trebo njiani, na hatumo ukumbini.

Sasa draiva, ile programu inayounganisha kadi na kompyuta, ambayo ndiyo sababu niliyoahidi. Kompyuta haipokei sauti tone kwa tone. Inaikusanya kwenye bafa, bafa ikijaa ndipo inaifanyia kazi, kisha inaikusanya tena kuitoa. Kwa sampuli 48,000, bafa ya 256 ni milisekunde 5.3 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi, jumla karibu 11, mbali na muda wa kadi yenyewe. Ni sawa na kusimama mita 3 na nusu kutoka kwenye spika yako, jambo ambalo mpiga gitaa wa kanisani amelizoea. Bafa ya 512 inakupeleka mita 7. Hapo vidole vinaanza kubishana na sikio. Na njia ya kawaida ya Windows, ile ambayo programu huichagua zenyewe, mara nyingi hupita milisekunde 100. Hakuna anayeweza kupiga ridhim akiwa nyuma kiasi hicho.

Dawa kwenye Windows ni draiva ya aina ya ASIO, inayopitisha sauti kwa njia ya mkato. UMC202HD na Scarlett zina draiva zao zilizotengenezwa na kiwanda, unazipakua bure kwenye tovuti zao. UM2 na UMC22 hutegemea ASIO4ALL, programu ya bure inayozungukia njia ya Windows. Inafanya kazi, lakini ina ukorofi: ukiwa umefungua kivinjari chenye video au programu nyingine inayoshikilia sauti, inagoma kufunguka, na kwenye orodha yake inabidi uzime mwenyewe kadi ya ndani ya kompyuta ubakize ile ya USB. Kamati ya kwaya yenye watu watano watakaotumia kompyuta moja haitaki ukorofi huo. Ndiyo maana nimesema wajikaze. Kwa mwenye Linux au Mac hakuna cha kusakinisha, kadi hizi hutambuliwa zenyewe.

Programu ya kurekodia isikutishe. Audacity ni ya bure na inatosha kunasa gitaa, lakini unapopiga haikusikilizishi gitaa likiwa na mlio wa ampu (amplifaya). Reaper inaweza, ni nyepesi hata kwenye kompyuta kuukuu, na inakupa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kwa milio ya ampu kuna Neural Amp Modeler, ya bure, yenye modeli nzito na nyepesi. Kompyuta ikielemewa chagua nyepesi. Kosa moja hapa ni kuwasha ampu bila kuweka faili linaloiga spika. Ampu bila spika inalia kama nyuki ndani ya kopo, na wengi huishia kulaumu kadi.

Namna ya kuunganisha, kwa anayeanza. Sakinisha draiva kabla ya kuchomeka kadi. Kisha ichomeke kwenye tundu la kompyuta lenyewe, bila kupitia kigawanyio cha USB, kwa sababu kadi inakula umeme kutoka hapohapo na kigawanyio dhaifu kinaiyumbisha. Waya wa UM2, UMC22 na UMC202HD ni ule wa printa, unapatikana stesheneri za Mwanjelwa hapa Mbeya au Kihesa kule Iringa, chukua mfupi. Hedfoni zitahitaji adapta ya 3.5 kwenda 6.35, nunua siku hiyohiyo. Jeki ya gitaa iingie kwenye tundu la gitaa, na kama kuna kitufe cha INST kibonyeze. Kisipobonyezwa tundu linabaki la laini, na unarudi kulekule kwenye shuka gubigubi ukiwa na kadi ya bei. Kitufe cha volti 48 ni cha maiki za kondensa, kiache kimezimwa.

Vitufe vya sauti na toni vya gitaa vifungue mpaka mwisho. Piga kwa nguvu zote, kama utakavyopiga kwenye kiitikio, huku unapandisha geini (kitufe cha kuimarisha sauti inayoingia) taratibu mpaka kilele kiguse desibeli 12 chini ya sifuri. Ishia hapo. Watu wamezoea kanda, wanasukuma mpaka taa nyekundu. Kwenye kanda sauti ilipasuka kwa utamu, kwenye kompyuta kichwa cha wimbi kinakatwa na hakuna programu inayokirudisha kama kilivyokuwa. Kama gitaa lenye pikapu za koili mbili linapasuka hata geini ikiwa sifuri, kwenye UMC202HD bonyeza PAD, kitufe cha kupunguza sauti inayoingia. Kwenye kadi isiyo na PAD punguza kitufe cha sauti cha gitaa.

Kwenye programu chagua ASIO, weka bafa 256, na uhakikishe sampuli za programu na za kadi ni zilezile, zote 48,000 au zote 44,100. Faili la 48,000 likichezwa kama la 44,100 wimbo unashuka karibu robo tatu ya toni nzima na kusinzia, na kwaya itabishana wiki nzima nani aliharibu tyuni. Traki iwe ya mono na chanzo chake kiwe tundu la 2, kwa kuwa kwenye UM2 na UMC22 tundu la gitaa ni la pili. Hili ndilo linaloleta lile lalamiko la gitaa kusikika sikio la kulia tu. Kadi ni nzima: tundu la 1 linaingia kushoto na la 2 kulia. Kwenye Audacity rekodi kwa stirio, kisha gawanya traki ufute upande mtupu.

Kisipoingia kitu kabisa, kabla ya kurudi dukani kagua faragha ya Windows. Toleo la 10 na la 11 zina swichi inayozuia programu kutumia maiki, na kwa Windows gitaa lako nalo linahesabiwa kuwa maiki.

Sauti ikitatarika, bafa ni ndogo kwa kompyuta hiyo. Panda 512. Bado? Zima Wi-Fi, weka mpangilio wa umeme uwe wa nguvu kamili, funga kivinjari. Ukishindwa kushusha bafa, tumia kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kilicho kwenye kadi: utasikia gitaa kavu bila kuchelewa hata kidogo, na mlio wa ampu utauweka baadaye. Ukikiwasha, zima kujisikiliza kwa programu, la sivyo utasikia magitaa mawili, moja likimfuata mwenzake.

Mvumo unahitaji aya yake, kwa maana ndio unaorudisha kadi nyingi dukani bila hatia. Umeme wa TANESCO unakwenda hezi 50, na pikapu ya koili moja inaunasa hewani kama antena. Jaribu hivi. Chomoa chaja ya kompyuta uache betri ifanye kazi. Mvumo ukikata, mkosaji ni chaja, na dawa ni kurekodi kwa betri au kutumia chaja yenye pini tatu kwenye soketi ambayo kweli ina ethi. Mvumo ukibaki, geuka na gitaa ukiwa umekaa, robo mzunguko kwa mara moja: utafika mahali unapungua sana, kaa hapo. Ukipungua unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida ya gitaa. Ukiongezeka unapogusa nyuzi, nyaya za ndani ya gitaa au za jeki zina kasoro, mpelekee fundi mwenye chuma cha kuchomelea. Taa za LED za bei rahisi hupiga kelele ya juu kama mbu, zizime. Simu ikikaa karibu na pikapu unasikia ule mlio wa didididi, ambao ni mtandao wa simu wa 2G ukipiga mara 217 kwa sekunde. Iweke chumba kingine. Na wanaotumia sola: inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi ambalo mara nyingi huingiza kelele kwenye rekodi. Chaji kompyuta kwanza, zima inveta, ndipo urekodi.

Radi za huku hazina mchezo. Mawingu yakikusanyika chomoa chaja, na uchomoe pia nyaya zinazokwenda kwenye sabufa, kwa kuwa sabufa imeshikana na ukuta hata kama kompyuta iko kwenye betri. Kurekodi unaweza kuendelea kwa hedfoni.

Ambaye hela ya kadi yenye tundu la gitaa haijatimia, ipo njia ya katikati. Pedali ndogo za Boss zilizo nyingi zinapokea gitaa kwa ohmu milioni 1 na kutoa umeme ulioimarishwa, hata zikiwa zimezimwa kwa mguu, ilimradi zina betri. Gitaa likipita kwenye pedali ya namna hiyo, hata ile ya kutyunia, linaweza kuingia kadi ya laini kama Behringer UCA222 na kubaki na trebo yake. Waya wa kutokea uwe jeki kubwa kwenda RCA. Pedali inayojiita true bypass haisaidii ikiwa imezimwa, maana inapitisha umeme wa gitaa jinsi ulivyo.

Mikseta za USB zinazosifiwa makanisani zitazameni kwa makini. Nyingi zinapeleka kwenye kompyuta mchanganyiko wa stirio tu. Solo, ridhim, besi na waimbaji wanaingia wameshaungana, na mpiga besi akikosea mnarudia wote. Kadi ya matundu mawili, mkarekodi mmoja baada ya mwingine, inawapa uhuru zaidi kwa hela ndogo. Besi nayo inatumia tundu lilelile la gitaa.

Kabla ya kulipa, nenda na kompyuta yako, gitaa lako, waya wako na hedfoni zako. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika kumi anakuambia kitu. Rekodi nusu dakika geini ikiwa katikati bila kuchomeka chochote: mita ikilala chini ya desibeli 80 hasi, nzuri, ikicheza kwenye 50 hasi, achana nayo. Piga uzi wa sita mtupu, kisha wa kwanza freti ya 12, usikilize kama mng'aro upo. Zungusha kila kitufe taratibu. Kikikwaruza mpya, kitakuwaje mwakani? Tikisa jeki na waya wa USB wakati unarekodi. Acha irekodi dakika tano bila kuigusa, halafu tafuta mahali palipokatika.

Wanaoagiza Dar es Salaam na kupokea kwa basi wakubaliane na muuzaji, kwa maandishi ya simu, kuhusu siku za kurudisha, na zihesabiwe kuanzia siku ya kupokea mzigo stendi. Boksi likifika lifungueni siku hiyohiyo mfanye jaribio hilo hilo, mkianza na tundu la USB nyuma ya kadi. Mzigo uliolaliwa na gunia la viazi kutoka Makambako unaumia hapo kwanza.

Fundi wa sauti,
Mwanjelwa, Mbeya